Magari ya nyaya Kilimanjaro: mgeni atalala wapi?

NEEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni sana. Wakubwa, shikamooni. Mimi ni Neema, niko na kaka Elibariki kama kawaida, na leo tunaleta mezani jambo ambalo tumebishana nalo tangu wiki iliyopita, kwenye simu na hata njiani tukitoka msibani Kibosho. Kujenga magari ya nyaya, yale mabehewa yanayoning'inia angani kwenye waya, Mlima Kilimanjaro. Mimi nayataka. Mwenzangu hayataki.

ELI: Siyataki, na nitaeleza kwa nini. Mimi ni mtoto wa Machame, baba yangu mdogo amebeba mizigo mlimani karibu miaka 20, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mabega yake. Nalisema mapema ili msikilizaji ajue naongea nikiwa nimesimama wapi.

NEEMA: Na mimi niseme langu. Nimezaliwa Moshi mjini. Mama yangu ameuona mlima kila asubuhi isiyo na mawingu maisha yake yote, na hajawahi kufika hata msituni. Magoti yake hayawezi. Kwa hiyo Mei 2019, Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati ule, Constantine Kanyasu, aliposema serikali inafikiria magari ya nyaya kwa ajili ya wale wasioweza kupanda kwa miguu, wazee wakiwemo, mimi sikusikia habari za watalii. Nilimsikia mama.

ELI: Hapo sina ubishi na wewe, dada. Ila tangazo lile lilinadiwa kwa jina la kukuza utalii. Wapandaji walikuwa wakitajwa kuwa kama 50,000 kwa mwaka, na hoja ikawa kwamba nyaya zitawaongeza. Hiyo ndiyo hoja ninayoikataa. Kuongeza vichwa na kuongeza kipato cha mkoa ni vitu viwili.

NEEMA: Fafanua.

ELI: Chukua wageni wawili wanaopanda kwa njia ya Machame, siku sita au saba. Nyuma yao kuna muongozaji, msaidizi wake, mpishi, na wagumu wa kubeba mahema, gesi, chakula na mabegi. Wageni wawili tu, na wanaowahudumia hawapungui watu wanane. Usiku mmoja kabla ya kupanda wamelala Moshi, usiku mmoja baada ya kushuka wamelala Moshi. Vyakula vimenunuliwa sokoni. Hifadhi inatoza kwa siku, kwa hiyo kila siku wanayokaa juu ni ada nyingine, na kambi nayo ina ada yake. Mwisho kuna tipu. Fedha ile inagawanyika kwa watu wanane, na watu wanane ni nyumba nane.

NEEMA: Sawa, na wa magari ya nyaya?

ELI: Anatua uwanja wa ndege wa KIA asubuhi, anapelekwa kituoni, anapanda, anapiga picha, anashuka saa nane mchana, jioni yuko Karatu akielekea Ngorongoro. Amekata tiketi moja. Moshi ameiona kupitia dirisha la gari.

NEEMA: Hapo unadhani kwamba mgeni wa siku sita atageuka kuwa mgeni wa nusu siku. Kwa nini ageuke? Anayetaka kusimama Kilele cha Uhuru, mita 5,895, amejiandaa mwaka mzima. Huyo hanunui tiketi ya kufika katikati. Mipango iliyozungumzwa haikuwa ya kufika kileleni. Ninayemfikiria mimi ni yule ambaye leo hapandi kabisa: ana mtoto wa miaka sita, au ana miaka 68, au ana siku mbili tu kabla ya ndege ya Zanzibar. Leo huyo hatuachii hata shilingi.

ELI: Wengine watageuka. Wengi wanaokuja Kilimanjaro si wapanda milima wa kazi. Ni watu wa kawaida wanaotaka kusema nimefika. Ukiwapa njia ya kusema nimefika bila usiku sita wa baridi, baadhi wataichukua. Na wakati mwingine hata wale wa kileleni watapunguza siku. Kampuni zitawaambia, anzia juu na nyaya, utaokoa siku mbili. Siku mbili hizo ndizo mshahara wa mgumu.

NEEMA: Hiyo ya kuanzia juu kweli inanitia wasiwasi, na si kwa sababu ya fedha. Mwili.

ELI: Moshi iko chini ya mita 1,000. Ukimpandisha mtu hadi mita 3,700 kwa dakika chache halafu ukamwambia alale huko na kesho aendelee, unamtafutia maradhi. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kwenye mita 2,500 kwa anayepanda haraka: kichwa, kichefuchefu, usingizi kukata. Ukipuuzwa, maji yanajaa kwenye mapafu au ubongo unavimba. "Pole pole" ya wagumu wetu watu wanadhani ni salamu ya kumfurahisha mzungu. Ni dawa ile.

NEEMA: Lakini kilele cha Aiguille du Midi, Ufaransa, nyaya zimekuwa zikifika zaidi ya mita 3,700 tangu 1955. Watu wanatoka mji wa Chamonix, mita 1,035, wanafika juu, wanatazama Mont Blanc, wanashuka. Hawalali. Ukikaa saa moja au mbili na ukashuka ukijisikia vibaya, wengi hawapati shida kubwa. Tatizo ni kulala juu. Basi weka sharti: tiketi ya nyaya ni ya kwenda na kurudi siku ile ile, na haiunganishwi na safari ya kileleni. Umemlinda mgeni, umelinda siku za wagumu.

ELI: Kwenye karatasi, ndiyo.

NEEMA: Na Chamonix hiyo hiyo ina chama cha waongozaji kilichoanzishwa 1821, na bado kiko. Nyaya zilikuja, waongozaji hawakufa.

ELI: Hapo umeleta mfano mzuri, nami nautumia upande wangu. Chamonix waongozaji walibaki kwa sababu nyaya zinawafikisha mahali ambapo kazi inaanza. Kuna kuteleza kwenye theluji, kuna kupanda kuta za mawe, na mgeni anarudi kulala mjini wiki nzima. Nyaya zile ni mlango wa shughuli nyingine kumi. Sisi juu ya Machame kuna nini kwa mtu wa nusu siku? Ukungu, mara nyingi. Nimefika kambi ya kwanza mara tatu, na mara mbili sikuuona mlima.

NEEMA: Sasa twende Cape Town, maana huko ndiko kila mtu anakokimbilia kwenye mjadala huu. Nyaya za Table Mountain zilifunguliwa Oktoba 4, 1929. Mwaka 1997 wakaleta mabehewa mapya yanayobeba watu 65 na sakafu yake inazunguka, ili kila abiria aone pande zote. Wamefikia miaka ya kupandisha karibu watu milioni moja. Milioni moja, Eli! Ukilinganisha na 50,000 wetu.

ELI: Na mlima ule una urefu gani?

NEEMA: Kama mita 1,086.

ELI: Lango la Machame peke yake liko juu ya hapo, kwenye mita 1,800 hivi. Table Mountain iko katikati ya jiji kubwa lenye bandari, uwanja wa ndege mkubwa na hoteli za kila aina. Watu walikuwa Cape Town tayari, nyaya zikawapa jambo la kufanya mchana. Na hata huko, upepo ukikaza huduma inasimama, na kila mwaka wanafunga kwa muda kufanya matengenezo. Mgeni aliyekwama Cape Town ana kwingine pa kwenda siku hiyo. Je, tumewaandalia nini watakaokwama Machame?

NEEMA: Kahawa. Maporomoko ya Materuni. Mifongo ya wazee wetu, ile mifereji iliyochimbwa kwa mikono ikashusha maji toka msituni hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani. Mambo yapo, kaka. Hayajapangwa tu.

ELI: Hapo tumekubaliana. Mambo yapo, hayajapangwa.

NEEMA: Nilete na mfano wa mahali palipokuwa mbali. Kuélap, kaskazini mwa Peru, ngome ya mawe juu ya mlima. Mgeni alihitaji kama saa moja na nusu ya barabara ya vumbi yenye makona. Mwaka 2017 wakafungua nyaya za kama kilomita nne, dakika 20, na wageni wakaongezeka sana. Mkoa ule ulikuwa umesahaulika.

ELI: Na Aprili 2022 sehemu ya ukuta wa ngome ikaporomoka wakati wa mvua, ngome ikafungwa kwa muda mrefu. Sisemi nyaya ndizo zilizobomoa ukuta, hapana. Nasema uwekezaji wote ule ulikuwa unategemea kitu kimoja kilichokuwa kikihitaji fundi wa mawe kabla ya kuhitaji wageni zaidi. Sisi tulipata somo letu Oktoba 2020. Moto ulishika mlimani, ukala eneo kubwa la vichaka, na waliopanda kuuzima walikuwa mamia ya watu wenye matawi na mapanga, wanafunzi, wanavijiji, askari wa hifadhi. Mimi ningependa fedha za nguzo zianzie pale, kwenye vifaa vya moto.

NEEMA: Uchungu huo naujua, tuliuona moto usiku toka mjini. Sitakupinga.

ELI: Na nguzo zenyewe zipite wapi? Msitu ule ndio unaotunywesha. Hifadhi iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Kuna ndege wakubwa wanaotumia upepo wa mlima. Nyaya angani ni hatari kwao. Halafu kila nguzo inataka njia ya ujenzi, na njia ikishafunguliwa msituni haifungwi na bango.

NEEMA: Kuna teknolojia ya kupunguza hilo. Cairns, Australia, walijenga nyaya za kilomita saba na nusu juu ya msitu wa mvua, zikafunguliwa 1995, na nguzo zililetwa kwa helikopta ili kutokata barabara.

ELI: Kwa gharama kubwa. Na gharama haziishi siku ya kukata utepe. Nyaya za mlima Mottarone, Italia, Mei 23, 2021: waya wa kuvuta ulikatika, na breki ya dharura ambayo ingelishika behewa ilikuwa imezuiwa isifanye kazi. Watu 14 wakafa, akabaki mtoto mmoja. Italia, nchi yenye mafundi wa nyaya tangu zamani.

NEEMA: Ajali ile ilinikosesha raha siku nyingi. Lakini watu wanakufa mlimani pia kwa miguu, na kila aliyewahi kuona mgonjwa akishushwa usiku kwenye machela ya gurudumu moja, juu ya mawe, anajua nyaya zingeokoa maisha.

ELI: Kweli. Hiyo ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote leo, na sina jibu lililokamilika.

NEEMA: Basi niambie unataka nini, maana kukataa peke yake hakumpeleki mama yangu popote.

ELI: Dada Neema, barabara ipo tayari.

NEEMA: Barabara gani?

ELI: Upande wa magharibi. Unapitia lango la Londorossi, na gari lenye nguvu linapanda kuelekea uwanda wa Shira, zaidi ya mita 3,400. Magari ya uokoaji yanaitumia, na kuna wageni wanaopelekwa asubuhi na kurudi jioni. Unatoka msituni, unaingia kwenye nyasi na vichaka vya baridi, halafu Kibo yote, yaani kilele kikuu cha mlima, iko mbele yako, haijakatwa na kitu. Anayekwenda anahitaji dereva, muongozaji na mtu wa kumbebea chakula. Hakuna nguzo hata moja ya kujenga.

NEEMA: Na kwa nini hatuambiwi?

ELI: Kwa sababu kila tangazo la mlima linauza kilele. Watu wa Moshi tunauona mlima kama kitu cha wageni wenye dola. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni, na bado hatuendi. Kabla ya kuwatafuta watalii milioni moja, jaza uwanda wa Shira na wazee wa Hai, Rombo na Moshi, na wanafunzi wa shule za chini ya mlima. Ukishaona wangapi wanakuja kwa gari na wanalala wapi usiku ule, ndipo utajua kama nyaya zina wateja.

NEEMA: Hilo nalipenda. Lakini mimi bado sijaziacha nyaya. Nitazirudia utakapokuwa na hizo hesabu.

ELI: Nitakuwa nazo. Mama ana umri gani?

NEEMA: Ana 71. Ana presha, anatumia dawa.

ELI: Aende kwanza kwa daktari, aulize waziwazi: mita 3,400, saa mbili, kisha kushuka. Daktari akikataa, tunaishia kwenye miti ya podo karibu na lango, napo ni pazuri. Akikubali, twende Septemba, kabla mvua za vuli hazijaharibu barabara. Baba mdogo atakuja nasi. Hapandi tena hadi juu, ila ile njia anaijua.

NEEMA: Nampigia mama tukizima vinasa sauti hivi. Eli, huko baridi yake ikoje?

ELI: Mletee sweta mbili na kofia inayofunika masikio. Na chai iwe kwenye chupa, isiwe ya kununua njiani.