Kabla ya Kuwasha Jiko

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu, walionisikia siku za nyuma wanajua nitakachosema, na pale nyuma naona watu wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Siku mtakapoacha kumenya kitunguu saumu huku mafuta yanatoa moshi, nami nitatafuta mada nyingine.

Hoja yangu ni ile ile: jiko lisiwashwe mpaka kila kitu kimeshamenywa, kimekatwa, kimepimwa na kuwekwa pale mkono unapofika. Kila kitu. Sikusema "karibu kila kitu".

Angalieni maelezo ya mapishi yanavyotudanganya. Juu pameandikwa "dakika 30". Ukishuka kwenye mahitaji unakuta vitunguu vitatu vilivyokatwakatwa, karoti nne zilizokunwa, punje sita za kitunguu saumu zilizopondwa. Nauliza: zilizopondwa na nani? Mwandishi ameanza kuhesabu dakika vitu vikiwa tayari mezani. Wewe unaanza kuhesabu ukiwa umeshika kitunguu chenye maganda. Kazi yote ya kisu imefichwa kwenye orodha ambayo hukuisoma, halafu unatuambia mapishi yale ni magumu.

Na moto haukusubiri. Kitunguu maji kina uvumilivu. Kwa moto wa wastani kinaweza kuchukua dakika 20 na zaidi kugeuka kahawia vizuri. Kitunguu saumu kilichokatwa vidogo hakina uvumilivu huo. Kwenye mafuta ya moto kinaungua hata dakika haijaisha, na kikishaungua kinakuwa kichungu, na uchungu ule hautoki hata uongeze nyanya, maji na dua. Muda huo wewe uko wapi? Uko kabatini unatafuta bizari.

Sasa vipimo, na hapa mnivumilie kwa sababu ndipo penye ugomvi wangu. Kabla ya kuanza niliomba watu watatu wapime kikombe kimoja cha unga wa ngano. Kikombe kile kile, unga ule ule, kisha tukautia kwenye mizani. Wa kwanza alijaza kikombe kwa kijiko, taratibu, akafuta juu kwa mgongo wa kisu: gramu 121. Wa pili alichota kwa kikombe chenyewe moja kwa moja: gramu 143. Wa tatu, huyu ndugu yangu jasiri aliyekaa mbele, alichota, akakigonga mezani, unga ukashuka, akaongeza, akashindilia: gramu 162. Anacheka. Kati yake na wa kwanza kuna gramu 41, yaani theluthi nzima. Keki ikihitaji vikombe vitatu, ndugu yetu ametia kikombe cha nne bila kujua, na keki ikitoka kavu atasema mayai yalikuwa madogo.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1896 mwalimu wa upishi wa Boston, Fannie Farmer, alichapisha maagizo: chekecha unga kwanza, jaza kikombe kwa kijiko, sawazisha kwa kisu, usitikise. Usitikise! Zaidi ya miaka mia moja imepita na watu bado wanatikisa.

Halafu kikombe chenyewe ni kipi? Cha Marekani ni mililita 237 hivi. Cha Australia ni 250. Kijiko kikubwa cha kupimia kwa wengi ni mililita 15, Australia ni 20. Na kile kikombe chako cha chai chenye ua ubavuni hakimo katika hesabu yoyote. Ndiyo maana nasema nunua mizani. Gramu 120 ni gramu 120 popote ulipo, na mizani haijali umechota vipi.

Najua kuna mtu ana jibu mdomoni. "Bibi yangu hakupima kitu, na chakula chake tulikuwa tunalamba vidole." Bibi alipima! Alipima kwa bakuli lile lile, sufuria ile ile, kiganja kile kile, kwa miaka na miaka. Mkono wake ndio uliokuwa mizani. Wewe umerithi maelezo yake, mkono hukurithi. Ukitaka kumfuata bibi, kaa naye jikoni, kila anapotaka kutia kitu kwenye sufuria mwombe akitie kwanza kwenye mizani, uandike. Atakukasirikia. Andika tu.

Mwingine analalamika vyombo. Kila kiungo bakuli lake, nani ataosha? Sikusema kila kiungo bakuli lake! Vinavyoingia pamoja vikae pamoja. Kama kitunguu saumu, tangawizi na bizari vinatiwa mara moja, vyote bakuli moja. Mapishi ya viungo kumi na viwili yanaweza kuishia bakuli nne. Na kwa kuwa hukimbizani tena na moto, zile dakika 20 za kitunguu maji mikono yako ina nafasi: koroga, osha, koroga, osha.

Nakubali jambo moja, maana nisipolikubali mtanifuata nje. Kitu kinachochemka kwa muda wa saa mbili hakikulazimishi kukata mapema majani ya kunyunyiza mwisho. Kata kikiwa jikoni. Lakini pima chumvi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka. Chumvi: kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6 hivi, cha chumvi ya chembe kubwa na nyepesi chaweza kuwa nusu ya hapo, kwa hiyo angalia ni ipi. Viazi vilivyomenywa vitie kwenye maji, la sivyo vinakuwa vyeusi. Magadi ya kuokea yanaanza kazi pale pale yanapokutana na maziwa mgando au ndimu, kwa hiyo oveni iwe imeshapata moto na bakuli la kuokea limeshapakwa mafuta kabla hujachanganya majimaji na unga. Hilo nilikuwa na mengi ya kulisema, na nilileta hata bakuli la kuwaonyesha. Siku nyingine.

Nyama mbichi: kuandaa mapema si kuiacha mezani tangu asubuhi. Kata mboga kwanza, nyama mwisho, ubao wake mwingine, kisha irudi friji mpaka zamu yake ifike. Nje isikae zaidi ya muda wa saa mbili. Na kuku mbichi msimwoshe kwenye sinki, maji yanarusha vijidudu hadi kwenye mboga mlizokwisha kukata.

Naona mkono umenyooshwa kuhusu hilo la kuku. Nilijua. Haya, uliza.