Bibi Anatimiza Miaka 80: Tumpigie Nyimbo Zipi?

Ndugu zangu wa huko nyumbani, hamjambo? Jumamosi hii bibi yangu mzaa mama anatimiza miaka 80, pale pale Morogoro alikozaliwa. Wenzangu wamegawana mbuzi, mchele na vitenge. Mimi niliye huku Houston nimepewa muziki, na nimeipokea kazi hii kwa moyo wote.

Nimeshaona sherehe nyingi za wazee ambazo mwenye siku yake amekalishwa kwenye kiti kilichopambwa, sabufa inatikisa mabati, na hakuna hata wimbo mmoja anaoujua. Anapiga makofi kwa adabu tu. Inaniuma. Au mtu anafungua mseto wa zilipendwa mtandaoni, anauacha ujiendee, anaona kamaliza. Jamani, humo ndani mna vizazi viwili vitatu! Bendi ya Sikinde imeanzishwa mwaka 1978. Wakati huo bibi ana miaka 33, nyumba imejaa watoto, dansi ataenda saa ngapi? Sikinde na mwimbaji Marijani Rajabu ni wa mama yangu na dada zake.

Kwa hiyo piga hesabu. Wanaochunguza kumbukumbu wanasema mambo tuliyoyapitia tangu utoto unapoisha hadi kwenye miaka ya ishirini ndiyo yanayokaa sana kichwani, na muziki umo. Bibi ni wa mwaka 1945. Mwaka 1960 ana miaka 15, na mji wake ni Morogoro! Hapo ndipo alipokuwa mwimbaji Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Salum alipofariki mwaka 1965, bibi alikuwa msichana wa miaka 20. Nilimuuliza kwenye simu, akanyamaza kidogo, halafu akasema mji mzima ulilia. Miaka hiyohiyo kijana Mbaraka Mwinshehe akaanza kung'ara na gitaa lake ndani ya bendi ya Morogoro Jazz, na watu wakagawanyika, huyu wa Cuban, yule wa Moro Jazz. Bibi ni wa Cuban mpaka leo. Babu alikuwa wa Moro Jazz.

Sikumuuliza bibi anapenda wimbo gani, maana wazee wetu watakujibu, "Wowote tu, mjukuu wangu." Nilimuuliza nani alikuwa na redio mtaani kwao, na walikuwa wakienda dansi na nani. Hapo majina ya nyimbo yakaanza kumiminika, na nyingine akaziimba mwenyewe.

Kuna wimbo mmoja wa Mbaraka ambao babu alikuwa akiuimba akinyoa ndevu. Mama mkubwa alitaka tuuache, bibi asije akalia mbele ya wageni. Mimi niliona aulizwe mwenyewe. Akasema, "Uweke, lakini wageni wakishaondoka." Basi, umewekwa mwisho.

Wimbo wa kanisani utaanza, kwa sababu padri atakuwepo. Baada yake Cuban Marimba moja kwa moja, kabla ya chakula, bibi akiwa bado na nguvu za kusimama. Akishakula pilau atataka kupumzika.

Sasa masikio. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na maneno ya wimbo yanaanza kuvurugika. Ukiongeza besi unamzamisha mwimbaji kabisa. Nimemwambia binamu yangu ashushe besi, spika iwe karibu na kiti cha bibi, na wimbo ukiisha aache kimya kidogo, bibi apate kusimulia. Nyimbo zenyewe nimezituma mapema kwa WhatsApp kama dokumenti, ameziweka kwenye fleshi. Msijaribu kupiga muziki kutoka huku kupitia simu ya video. Programu zile zinauona muziki kama kelele na kuukata, na bando likiisha katikati sherehe inapooza. Mimi nitakuwa natazama tu. Kwao saa kumi jioni, kwangu saa mbili asubuhi.

Kama mzee wako alikulia Tanga, anza na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic. Wa Mombasa muulize habari za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab.

Na wewe uliyeko Morogoro, kama kwenu kuna santuri au kanda ya Cuban Marimba ya enzi za Salum inayosikika vizuri, niandikie hapa chini leo hii. Nilizonazo mbili zinakwaruza sana, na bibi anastahili kuyasikia maneno yote.