Bunduki iogopwe mezani, bila kuongeza dadu hata moja

Haya, karibuni tena mezani. Leo nina dadu, penseli, karatasi ya mhusika na taa ambayo najua itanisumbua kabla hatujamaliza.

Kazi yenyewe ni hii. Wewe ni mwendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani, yaani msimulizi anayewachezea maadui. Jambazi kamwelekezea mhusika wa mchezaji wako bunduki kifuani, na mchezaji anacheka. Anacheka kwa sababu amepiga hesabu: ana pointi 44 za uhai, risasi itamtoa kama 11, acha ipigwe. Tunataka kicheko hicho kiishe, lakini hatutaki mazishi kila kikao.

Natumia Dungeons & Dragons toleo la 5 kwa kuwa ndilo nililo nalo hapa. Kama mchezo wako ni mwingine na una pointi za uhai, badilisha tarakimu, mengine yabaki.

Hatua ya kwanza, jaza karatasi. Jina, ngazi, mnajua, napita. Mfano wetu ni mpiganaji wa ngazi ya 5, Siha (namba ya uimara wa mwili) 14, pointi 44.

Sasa silaha. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa mwaka 2014 una silaha za moto tayari: gobore ni dadu moja ya pande 12, bastola ya kisasa dadu mbili za pande 6, rivolva mbili za pande 8, bunduki ya kuwindia mbili za pande 10. Wastani wa bunduki ya kuwindia ni 11. Mpiganaji wetu anahitaji kupatwa na risasi nne ndipo aanguke. Bastola wastani wake ni 7, kwa hiyo risasi saba. Saba, jamani! Mtu anapigwa bastola mara sita na bado ana zamu yake kamili, anakimbia, anaruka ukuta.

Wengi wakifika hapa wanaongeza dadu. Bunduki inakuwa dadu tano, sita. Achana na hiyo. Wa ngazi ya 1 atakufa kila akipatwa, wa ngazi ya 15 ataendelea kucheka, na wewe utakuwa unajumlisha namba hadi usiku wa manane. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii: adui anatokea pambano moja, basi, amekwisha. Mhusika wa mchezaji anapigwa risasi kampeni nzima, yaani mfululizo wote wa vikao. Kanuni yoyote ya mauti utakayotunga, wachezaji ndio watakaoionja mara nyingi kuliko jambazi yeyote.

Subirini kidogo. Taa inamulika karatasi, hamuoni kitu. Naisogeza... haya. Mnaona 44 hapo? Vizuri.

Hatua ya pili haina penseli. Kubaliana na meza yako pointi za uhai ni kitu gani. Katika Chainmail ya mwaka 1971, kanuni za vita vya sanamu ndogo mezani, askari wa kawaida akipatwa pigo moja amekwenda. Dave Arneson, mmoja wa waasisi wawili wa Dungeons & Dragons, alipoanza kuendesha kampeni yake, wachezaji walishawapenda wahusika wao, hawakutaka wafe kwa pigo moja, akachukua wazo la kuhesabu madhara kidogo kidogo kutoka kanuni za vita vya manowari. Likaingia Dungeons & Dragons ya mwaka 1974. Kwa meli ni sawa kabisa, meli inatobolewa huku inaendelea kupigana. Kwa mwili wa mtu ikabidi Gary Gygax, muasisi mwenzake, aje kueleza, mwaka 1979, kwamba sehemu kubwa ya pointi hizo si nyama, ni ujuzi, bahati na ulinzi wa miungu.

Mimi nafuata hapo hapo. Risasi iliyokutoa pointi 6 haikukuingia. Imechana koti, imekurushia vipande vya ukuta usoni, bahati yako imepungua. Mkilikubali hili, nusu ya tatizo limeisha, maana hakuna tena mtu aliyepigwa risasi sita mwilini. Tatizo lililobaki ni lini risasi inaingia kweli.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe. Kizingiti. Wazo hili si langu, lilikuwa kwenye d20 Modern, mchezo wa aina hii wa dunia ya kisasa, ya mwaka 2002: kizingiti cha mhusika ni namba yake ya Siha. Risasi moja ikileta madhara yanayozidi namba hiyo, anarusha dadu ya pande 20 kujinusuru, lengo ni 15. Akishindwa, yuko chini hata kama alibakiwa na pointi 30. Mimi nahesabu hata madhara yakilingana na kizingiti, na akianguka anashuka hadi sifuri, anaanza kurusha dadu za kufa na kupona kama kawaida ya mchezo.

Sikilizeni vizuri hapa. Kizingiti kinapimwa kwa risasi MOJA. Usijumlishe. Jambazi akipiga mara mbili zamu moja, akapata 8 kisha 9, hiyo si 17. Ni 8, halafu ni 9, na hakuna iliyofika 14. Ukijumlisha tu, umewaua wote.

Turushe tuone. Dadu mbili za pande 10... 7 na 4, ni 11. Haijafika, punguza pointi, endelea. Tena... hiyo moja imeingia chini ya meza. Hamuioni, na mimi siioni. Nachukua nyingine. 9 na 6, kumi na tano! Imevuka 14. Sasa mpiganaji anajinusuru: ana nyongeza ya 5, anahitaji 10 au zaidi. Anapata... 8. Yuko chini. Na alikuwa bado na pointi 18 mkononi! Uso wa mchezaji wako hapo ndio ninaoutafuta.

Hesabu fupi kwa wanaopenda hesabu. Bunduki ya kuwindia hufika 14 mara 28 kati ya 100. Kujinusuru hushindikana mara 45 kati ya 100. Zidisha: takribani risasi moja kati ya nane inamwangusha. Inaonekana kidogo? Apatwe na risasi kumi, uwezekano wa kuanguka kwa njia hii angalau mara moja ni karibu robo tatu. Ndiyo maana nasema usiongeze dadu.

Rivolva hufika 14 mara 6 kati ya 64. Bastola haifiki kabisa, mwisho wake 12, isipokuwa mpigaji apate 20 kwenye dadu ya kulenga, hapo dadu za madhara huongezwa maradufu, ziwe nne. Hapo inafika zaidi kidogo ya nusu ya mara zote. Naipenda hivyo. Tarehe 11 Aprili 1986 kule Miami, FBI walipambana na wanyang'anyi wawili. Mmoja wao, Michael Platt, alipatwa mapema na risasi ya bastola iliyoingia kifuani ikakomea karibu na moyo. Aliendelea kupiga, na maafisa wawili wakauawa. Bastola ni hivyo: leo inamlaza mtu papo hapo, kesho haimlazi. Wastani wa 7 hauwezi kukupa hilo, kizingiti kinaweza.

Hatua ya nne, kinga. Namaanisha kitu cha kujifichia: kikikuficha nusu kinaongeza 2 kwenye namba yako ya ulinzi, robo tatu kinaongeza 5. Chora mapipa, kuta, magari. Ukiwapa bunduki kali na uwanja mtupu, hiyo ni hukumu ya kifo.

Hatua ya tano, tangaza kabla. Kabla ya kikao, si risasi ikiwa hewani. Na useme kwamba majambazi pia wana kizingiti. Mwanakijiji wa Siha 10 na pointi 4, usijisumbue, bastola inamtosha bila kanuni mpya.

Na nirudie, maana najua mtanijia: risasi moja, kizingiti kimoja. Shotigani yenye vidonge vingi? Ni pigo moja, linganisha mara moja. Bunduki inayomwaga risasi eneo zima? Mimi situmii kizingiti hapo, na guruneti vilevile. Zinagusa kila mtu kwa mpigo, utajikuta watu wanne wanajinusuru pamoja na kikao kimefungwa.

Karatasi yenye nafasi ya kuandika kizingiti iko chini ya video, ichapishe. Iandike kwa penseli, maana Siha ikipanda na kizingiti kinapanda. Dadu yangu bado iko chini ya meza, nazima kamera nikaitafute.