Milimita 50 za Alfajiri: Kuusoma Utabiri wa Wiki ya Masika Unguja na Pemba

Assalaam alaykum. Nawashukuru wavuvi, akina mama wa mwani, manahodha, masheha na walimu wa skuli mliofika. Tutazungumza juu ya wiki moja tu: ile ya Aprili ambayo kaskazi (upepo wa kaskazini) imeshakatika na kusi (upepo wa kusini) haijashika, ambayo watu wa bahari wanaiita tanga mbili, au maleleji. Hakuna wiki ambayo utabiri unasikilizwa kama hiyo, na hakuna ambayo unalaumiwa kama hiyo. Sehemu kubwa ya lawama inatokana na namna tunavyousoma.

Tuanze na kilichoko juu. Kuanzia Machi hadi Mei ukanda mvua, yaani pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na hewa ikalazimika kupanda, unapita juu yetu ukilifuata jua kwenda kaskazini. Haupiti kwa mwendo mmoja. Unasogea, unarudi, unakatika vipande. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, ukiimarika, unausukuma upepo wenye unyevu mpaka pwani yetu, na siku mbili tatu zinakuwa za upepo, manyunyu na bahari iliyochafuka. Ukilegea, upepo unakufa, bahari inalala, na kwa kuwa maji ya Aprili yana joto la nyuzi 28 au 29, mawingu ya ngurumo yanajijenga papo hapo. Kwa hiyo ndani ya wiki moja mnaweza kupata aina mbili za hali mbaya: ya upepo mrefu na ya ngurumo fupi. Zinahitaji tahadhari tofauti.

Yako na mambo mengine yanayoivuruga wiki hiyo. Kuna wimbi kubwa la mawingu linaloizunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60. Likifika upande wetu wa Bahari ya Hindi mvua huzidi, likishapita masika husinzia. Na kimbunga kikikaa karibu na Madagaska kinaweza kuuvuta unyevu kwake, tukabaki na jua kali katikati ya Aprili watu wakidhani masika yamekwisha. Sisi wenyewe tuko nyuzi 5 hadi 6 tu kusini ya ikweta, na hapo nguvu inayokifanya kimbunga kizunguke ni ndogo, ndiyo maana vinatufikia kwa nadra. Nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha majahazi na meli za Sultani Seyyid Barghash na kuilaza mikarafuu na minazi, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Likitajwa neno kimbunga, acheni utabiri wa jana. Someni wa leo, na jioni someni tena.

Sasa tuje kwenye taarifa yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, na humo Unguja na Pemba mtatukuta kwenye ukanda wa pwani ya kaskazini, pamoja na Tanga, Dar es Salaam, Pwani na Mafia. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi haipimi ukubwa wa mvua peke yake. Inachanganya mambo mawili: uwezekano wa kutokea, na athari ikitokea. Kwa hiyo njano inaweza kuwa jambo dogo linalotarajiwa sana, na inaweza pia kuwa jambo kubwa ambalo uwezekano wake ni mdogo. Mwenye kuiona njano akasema "ah, njano tu", hajasoma mistari miwili iliyoandikwa chini yake. Tazameni pia maneno "maeneo machache", "baadhi ya maeneo" na "maeneo mengi". Wingu moja la ngurumo lina upana wa kilomita chache na maisha ya saa moja au zaidi kidogo. Hakuna mtabiri anayeweza kusema leo kwamba Alhamisi wingu hilo litasimama juu ya Konde au juu ya Wete, kule Pemba. Likinyesha Konde na Wete ikabaki kavu, utabiri wa "maeneo machache" umetimia.

"Mvua kubwa" maana yake ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10 likipokea milimita 50 linamwaga lita 4,000. Ekari mbili na nusu za mpunga zinapokea lita laki 5. Lakini milimita 50 zilizogawanyika kutwa na kucha ardhi ya mawe ya mashariki mwa Unguja inazinywa bila shida. Zikishuka kwa saa mbili kwenye bonde la Sebleni au Mwanakwerekwe ni mafuriko. Taarifa inatoa jumla ya saa 24. Saa ya kunyesha lazima tuitafute wenyewe, na hapa ndipo ninapoomba tutulie.

Mvua nyingi za masika pwani hunyesha kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Nchi kavu hupoa usiku, upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini, unakutana na upepo wa bahari, mawingu yanapanda juu ya maji na kutufikia alfajiri. Sasa tazameni mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja au mbili baadaye, tuna bamvua, yaani bahari hujaa sana na kupwa sana. Bamvua za Machi na Aprili ni miongoni mwa kubwa za mwaka. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Na katika bandari ya Unguja, siku za bamvua maji hujaa yapata saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yakakupwa yapata saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wekeni mambo haya mawili pamoja: mvua ya alfajiri inashuka wakati bahari imejaa, midomo ya mitaro imezibwa na maji ya chumvi, na maji ya mvua hayana pa kwenda. Wiki inayofuata, ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, milimita 50 zile zile za alfajiri zinakuta bahari iko chini zaidi na mtaro unapumua.

Kwa hiyo sheha mwenye bonde aangalie tarehe ya mwezi kabla ya kuangalia rangi. Ikiwa angalizo la mvua limeangukia bamvua, mitaro isafishwe asubuhi ya kutangulia, baina ya saa 3 na saa 5, maji yakiwa yamekupwa na taka zinaonekana. Magodoro, unga na vitabu vya watoto vipandishwe juu jioni kabla ya kulala, kwa sababu maji yakija yatakuja watu wamelala. Na kisima kilichoingiwa na maji ya mtaro kisitumike kwa kunywa bila kutiwa dawa au kuchemsha.

Dagaa nao wanafuata mwezi. Huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na giza linakwenda na bamvua ya mwezi mwandamo, kwa hiyo dagaa wengi wanafika dikoni alfajiri, saa ile ile ya mvua. Taarifa ikisema "mvua na vipindi vya jua" wiki hiyo, jua lenyewe aghalabu liko baada ya saa 4 asubuhi. Wakishachemshwa na chumvi wachujwe na wakae chini ya banda mpaka wingu lifunguke, ndipo waanikwe kwa tabaka jembamba, kwenye chanja iliyoinuka. Turubai lisiwagandamize, likilala juu yao mvuke hauna pa kutokea na wanageuka wekundu na kunuka kabla ya magharibi.

Mwani unataka uamuzi mwingine. Unahitaji siku mbili tatu za jua, na mwani uliokauka nusu ukinyeshewa hupauka na kupoteza uzito. Angalizo likiwa la mvua bila upepo, uacheni kwenye kamba. Likiwa la upepo na mawimbi, ule uliokwisha timiza wiki sita ung'olewe, maana shina zito hukatwa na wimbi likachukuliwa lote.

Tukienda baharini, angalizo la kawaida husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kilomita 40 ni karibu maili 22 za baharini kwa saa. Zile mita 2 si urefu wa wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa, na moja moja hufika karibu mara mbili yake. Ngalawa isipimwe kwa mita 2. Halafu tazameni maji yanakwenda wapi. Mkondo wa pwani hii huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi likivuma linafuatana nao. Mabaki ya kaskazi yakivuma yanaupinga, na wimbi linakuwa fupi, limesimama, hasa kwenye mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo baina ya Pemba na bara, wenye kina cha mamia ya mita na kati ya Nungwi na Pemba. Upepo ule ule wa kilomita 30 unapitika asubuhi na haupitiki mchana, kwa kuwa maji ya kujaa na kupwa yamegeuka.

Mnaotumia simu: saa za ramani nyingi za hewa ni za kimataifa. Toeni 3 mtapata saa yetu ya Kiswahili. 06:00 ni saa 3 asubuhi, 12:00 ni saa 9 alasiri. Na wenye kipimo cha mgandamizo, msitishike kikishuka baina ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Katika nchi za joto hushuka milibari 2 hadi 3 saa hizo kila siku, kisha kikapanda tena mpaka saa 4 usiku. Linganisheni saa 3 asubuhi ya leo na saa 3 ya jana. Kikiwa kimeshuka milibari 3 au zaidi, itafuteni taarifa mpya.

Ombi langu kwa skuli: pimeni mvua. Chukueni kopo lenye ubavu ulionyooka, mdomo sawa na tako, lisimame sentimita 30 juu ya ardhi ili tone lisiruke ndani, mbali na ukuta kwa mara mbili ya urefu wake. Kila saa 3 asubuhi tumbukizeni rula, andikeni, mwageni. Mkitumia chupa ya plastiki badala ya kopo, ina mabonde chini. Itieni maji mpaka alama mliyochora na muanze kuhesabu hapo, na kila mkimwaga mrudishe maji mpaka alama hiyo hiyo. Kopo la Makunduchi na la Micheweni yataonesha tofauti ambayo taarifa ya ukanda mzima haiwezi kuionesha.

La mwisho ni ngurumo, kwa sababu upepo wake haumo ndani ya zile kilomita 40. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie sauti. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Ikiwa hazifiki 30, mama aliye kwenye mwani atoke, kwani maji yakiwa yamekupwa yeye ndiye mrefu kuliko kila kitu pale, na asirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Baharini, wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka chini yake hutanguliza upepo kabla ya mvua. Shwari ikiingia ghafla na hewa ikageuka baridi, umebakiwa na dakika chache: tua tanga hapo hapo, watu wakae chini mbali na mlingoti, mishipi iachwe, na chombo kielekezwe omo kwenye upepo kabla haujafika.