Kiendelezi Usichokijua, Kizuie Kwanza
Mhadhara kwa wamiliki na wahudumu wa steshenari, Mwanga, Kigoma

Ndugu zangu, nianze na lile onyo lenyewe, maana wote mmeshaliona. Antivairasi inasema imekuta kiendelezi kisichojulikana, yaani programu ndogo iliyoongezwa (extension), kwenye kivinjari kama Chrome. Ukizuie au ukiruhusu? Mhudumu ana foleni ya vijana wanaoomba mkopo wa chuo, siku ya mwisho ni leo, anabonyeza "ruhusu" ili onyo liondoke aendelee na kazi. Hilo ndilo ninalolipinga, na nitalipinga hata mkinichoka.

Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona kila mnachokiona: namba ya NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, nywila ya barua pepe. Na msinitajie ile alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha kando ya anwani ya tovuti. Kufuli inalinda data ikiwa njiani kati ya kompyuta na tovuti. Kiendelezi kimekaa ndani ya kivinjari, kinasoma ukurasa ukishafunguka, kinasoma unachoandika kabla hujakituma. Nyumbani kinamwibia mtu mmoja. Kwenye steshenari kinawaibia watoto wa mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Sasa kuna hoja naisikia kila mahali: "Kiko kwenye duka rasmi la Chrome, kinatumiwa na mamilioni, kitakuwaje kibaya?" Haya. Kulikuwa na kiendelezi kinaitwa The Great Suspender. Kazi yake ilikuwa kuvilaza vichupo (tabs) usivyovitumia ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ipumue. Kizuri kabisa, kompyuta nyingi za hapa Kigoma zingekifurahia. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uliwekwa wazi kwenye hazina ya mtandaoni, yeyote aliweza kuukagua, na watumiaji walizidi milioni 2. Juni 2020 aliyekitengeneza akakiuza kwa mtu asiyejulikana. Watumiaji hawakubonyeza kitu, maana viendelezi hujisasisha vyenyewe. Baadaye mwaka huohuo toleo jipya likatoka dukani likiwa na msimbo ambao haukuwekwa kwenye hazina ile ya wazi, wenye uwezo wa kuleta maagizo kutoka seva ya nje. Februari 2021 Google wakakiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watu, wakisema kina programu hasidi. Hesabuni wenyewe miezi iliyopita katikati. Ni kama boti iliyotoka Kibirizi, bandari yetu ya hapa: boti ileile, rangi ileile, abiria walewale. Nahodha amebadilishwa usiku, na abiria hawakuambiwa. Halafu mtu ananiambia wingi wa abiria ndio usalama!

Wengine mtasema antivairasi nayo hukosea. Hukosea, ndiyo. "Kisichojulikana" maana yake hakina rekodi, siyo kwamba kimeshathibitika kuwa mwizi. Lakini pimeni hasara zote mbili. Ukizuia kiendelezi kisicho na kosa, utakirudisha kesho kwa kubonyeza mara mbili. Ukiruhusu kibaya, namba ya NIDA ya yule binti hairudi. Kwa hiyo unazuia kwanza, kisha unauliza: nani alikiweka, kinafanya kazi gani hapa dukani? Ukikosa jibu, kifute. Na ukitaka kukichunguza mtandaoni, tafuta kwa ile namba yake ya utambulisho yenye herufi 32. Jina huigwa.

Wala sisemi kampuni za antivairasi ni malaika. Februari 2024, tume ya biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa sababu ilikusanya historia za watu mtandaoni, kupitia viendelezi vyake pia, na kampuni yake tanzu ikaziuza. Desemba 2024 kiendelezi cha Cyberhaven, kampuni ambayo kazi yake ni kulinda data, kilitekwa baada ya mfanyakazi kunaswa kwa barua pepe ya ulaghai. Toleo bovu likasambazwa wakati wa Krismasi. Tusimwamini mtu kwa jina lake.

Vinaingiaje? Kwa haraka, muda unanikimbiza. Vinakuja na programu za bure za kupakua video au kubadilisha PDF. Vinakuja na mteja aliyeingia Chrome kwa akaunti yake na usawazishaji (sync) umewashwa: vyake vinashuka kwenye mashine yako. Na ukiona Chrome inasema kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, wakati shirika ni wewe na mdogo wako, simamisha kazi, mwite fundi.

Kwenye duka, mfungulie kila mteja Chrome katika hali ya mgeni (Guest). Humo viendelezi havifanyi kazi, na dirisha likifungwa historia na vidakuzi vyake (cookies, alama zinazoifanya tovuti ikutambue kuwa umeshaingia) vinafutwa. Ni kazi ya sekunde chache, msiniambie foleni ni ndefu. Na kama kiendelezi kibaya kilishaingia, kukifuta hakutoshi, kwa sababu vidakuzi vilivyochukuliwa vinaweza kumfungulia mwizi akaunti bila nywila. Nendeni kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, tokeni kwenye akaunti (log out) katika vifaa vyote, ndipo mbadilishe nywila. Kisha wapigieni simu wateja waliohudumiwa kwenye mashine ile, mwambieni kila mmoja afanye hivyohivyo siku hiyohiyo.