Nasibu Si Bora Liende

Karibuni tena. Leo tunaingia kwenye sampuli, yaani wachache tunaowateua ili watuambie habari za wengi, na nitaanzia kwenye chupa moja kubwa ya kioo.

Tarehe 1 Desemba 1969, Marekani iliendesha bahati nasibu ya kuamua ni vijana gani watangulie kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa ziliandikwa kwenye vikaratasi, kila kimoja kikafungiwa ndani ya kidude cha plastiki mfano wa kidonge. Vya Januari vikatiwa sandukuni kwanza, vikafuata vya Februari, hivyo hivyo hadi Desemba. Vikachanganywa kijuujuu, vikamiminwa chupani, mkono ukaanza kuchota. Tarehe iliyotoka mapema ndiyo iliyotangulia kuitwa.

Kama vingechanganyika barabara, wastani wa namba za zamu, 1 hadi 366, kwa tarehe za kila mwezi ungekaribia 183.5. Desemba ilipata 121.5, kati ya siku zake 31, siku 26 ziliangukia nusu ya kwanza. Wala hakuna aliyewachukia wazaliwa wa Desemba. Vidonge vyao viliingia mwisho, basi.

Ndiyo maana nasema nasibu si bora liende. Sampuli ni nasibu pale kila mlengwa anapokuwa na uwezekano unaojulikana wa kuteuliwa, na uteuzi ukafanywa na utaratibu usiosikiliza matakwa yako. Ukisimama mlangoni ukamhoji "yeyote aliyepita", umechagua asiye na haraka, na pengine mwenye uso wa ukarimu.

Njia zenyewe mtazisoma. Nasibu rahisi ni kuchota majina kwenye orodha nzima. Tabakishi ni kugawa kwanza matabaka, yaani mafungu ya wanaofanana, kisha kuchota ndani ya kila tabaka. Ya vishada huchota makundi mazima, hupunguza gharama. Ya mfumo huchukua, tuseme, kila wa saba. Hiyo iangalieni kwa jicho kali, maana ukichukua kila siku ya saba kwenye kumbukumbu za mwaka, utapata siku ileile ya wiki, tuseme Jumatatu tupu.

Sasa upendeleo, yaani kosa linaloelemea upande mmoja. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kuuliza nani atashinda urais wa Marekani. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kuwa Landon, mgombea wa Republican, atambwaga Rais Roosevelt kwa kupata asilimia 57 ya kura. Roosevelt akapata karibu 61, na Landon akaambulia majimbo mawili tu. Mpima maoni George Gallup, kwa watu wapatao 50,000, alikuwa amemtaja mshindi sawasawa.

Vitabu vingi hulaumu orodha: majina yalitoka kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, na wakati ule wa mdororo wa uchumi hivyo vilikuwa vitu vya wenye nafasi. Ni kweli, ila mimi naona kosa zito zaidi liko kwenye karatasi ambazo hazikurudi. Takriban watatu kati ya kila wanne walinyamaza, na walionyamaza hawakufanana na waliojibu. Kuongeza karatasi kusingesaidia kitu. Sampuli kubwa hupunguza mtikisiko wa bahati. Upendeleo huuacha palepale, tena huuvika joho la uhakika.

Tuje humu ndani. Nikiwauliza mnaionaje mihadhara hii, nitasifiwa, maana walioichoka hawapo. Kwa hiyo ninayo hapa orodha ya wote waliojiandikisha, na jedwali la namba nasibu. Tutachota majina 20, kila kundi litafute wake. Ukibisha hodi ukakuta mlango umefungwa, usimhoji jirani yake. Rudi jioni. Ukimkosa tena, rudi kesho, na uandike umerudi mara ngapi.

Safu ya mbele, anzeni kuchota.