Ekari Moja ya Malisho ya Kulungu: Pesa Ianzie Wapi?

KAKA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Kentucky, Marekani, na tumeshika kalamu na karatasi. Dada, msikilizaji wetu wa Louisville na wenzake watatu wamekodi ardhi ya kuwindia. Wanataka kupanda ekari moja ya malisho ya kuwavuta kulungu wale wa mkia mweupe. Wanauliza watenge dola ngapi.

DADA: Wamefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Wengi huanzia dukani, wanavutwa na mfuko wa mbegu wenye picha ya dume la pembe kubwa. Mimi ningewapeleka kwanza ofisi ya ugani ya kaunti yao. Kentucky ina kaunti 120, na kila moja ina ofisi hiyo. Wachukue udongo sehemu kumi au kumi na tano za ekari ile, wauchanganye, waupeleke ukapimwe. Gharama yake huenda isifike hata dola 15.

KAKA: Na hizo dola 15 zinaokoa nini?

DADA: Zinaokoa mbolea, kaka. Zao ninalowashauri ni klova, majani ya malisho ya jamii ya kunde, nayo inapenda pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ya 6 hadi 7; namba ikishuka, tindikali imezidi. Ardhi iliyokuwa msitu mara nyingi iko 5 na kitu. Udongo ukiwa na tindikali namna hiyo, fosforasi unayoiweka inashikwa na chuma na aluminiamu, mizizi haiipati. Umemwaga pesa, halafu unalaumu mbegu. Dawa yake ni chokaa.

KAKA: Chokaa nayo si bei?

DADA: Inategemea unainunuaje. Tuseme kipimo kimesema tani mbili kwa ekari, jambo la kawaida kabisa. Tani ya Marekani ni pauni 2,000, kwa hiyo unahitaji pauni 4,000. Ukinunua ile ya punje, mifuko ya pauni 40, ni mifuko mia moja. Weka dola 6 kwa mfuko.

KAKA: Dola 600!

DADA: Na bado hujaibeba. Sasa agiza chokaa ya kilimo, ile ya kusaga inayokuja na lori la kumwagia. Kwa makadirio ya dola 50 kwa tani, shambani tayari, ni dola 100.

KAKA: Tofauti ya dola 500 kwa kitu kilekile. Lakini lori litapita wapi? Mashamba haya mengi yako katikati ya miti.

DADA: Hapo ndipo penye uamuzi. Kama lori halifiki, sogeza shamba karibu na barabara, au punguza iwe robo ekari na ununue mifuko 25. Watu huchagua mahali kwa kuangalia watakaa wapi na bunduki. Waangalie pia trekta na lori vitaingiaje, na jua linafika kwa saa ngapi.

KAKA: Haya, nijumlishe. Kipimo 15, chokaa 100.

DADA: Mbolea ya fosforasi na potashi, weka 150. Naitrojeni usiweke nyingi, klova inajitengenezea kwa bakteria wa mizizini, mradi mbegu imepakwa bakteria hao. Mbegu ya klova nyeupe, pauni 8, pamoja na ngano kidogo ya kuikinga ikiwa changa: 75. Dawa ya magugu 30. Trekta ya jirani na haro yake ya kulainisha udongo, 130.

KAKA: Jumla dola 500.

DADA: Lakini klova hiyo ikitunzwa inakaa miaka mitatu, minne. Kila mwaka unaofuata weka dola 100 za kufyeka na mbolea kidogo. Kwa miaka minne ni 800, yaani 200 kwa mwaka. Ukipanda vitu vya msimu mmoja, utalipa trekta, mbegu na naitrojeni kila mwaka. Ni rahisi kupita 400. Bei za mbolea nazo zinapanda na kushuka. Mwaka 2022 zilipaa vibaya baada ya vita vya Ukraine kuanza.

KAKA: Ngoja, hapa nina pingamizi. Hawa wamekodi. Mwenye ardhi akiwaondoa mwakani, chokaa na klova vyote vinabaki kwake.

DADA: Pingamizi lako ni la haki. Kwa mkataba wa mwaka mmoja nisingeweka tani mbili za chokaa. Ningepanda rai, nafaka inayofanana na ngano, ambayo inavumilia udongo mbaya kuliko klova, na kuishia hapo. Au wamwendee mwenye ardhi kwa adabu, wamwombe mkataba wa miaka mitatu, ama chokaa ikatwe kwenye kodi. Waandikiane. Mkulima anajua thamani ya chokaa, hamtahitaji kumweleza sana.

KAKA: Wasikilizaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, watashangaa mtu kulima kwa ajili ya mnyama asiye wake.

DADA: Na kweli si wake. Hapa wanyamapori ni mali ya umma, wanasimamiwa na jimbo. Unalisha, naye analala kwa jirani. Ndiyo maana nakataa watu wanunue trekta kwa ekari moja. Wakodi, au warushe mbegu juu ya majani mabichi kisha wafyeke yafunike. Na kama mfuko umekauka, kwa idhini ya mwenye ardhi wapunguze miti isiyo na thamani. Jua likifika chini, machipukizi yanaota yenyewe, na kulungu anayapenda sana.

KAKA: Wapime udongo lini?

DADA: Mwishoni mwa majira ya baridi. Chokaa inahitaji miezi kadhaa kufanya kazi, na klova ya vuli hapa hupandwa Agosti hadi katikati ya Septemba. Wakigawana wanne, ni dola 125 kila mmoja, na hela ya lori itoke kabla mtu hajagusa mbegu.